Mlango wa Daftari: Kulinda Siri ya Mwanachama Bila Kumfungia Nje



Somo la safari hii halihusu mbolea wala magonjwa ya kahawa. Linahusu daftari la wanachama, lile ambalo kooperative nyingi zinalitoa sasa katika kaye na kuliingiza katika simu, tableti na kompyuta. Ndani ya jambo hilo tutaangalia sehemu moja tu: mlango. Nani anaingia katika daftari? Anaonyesha nini ili afunguliwe? Na akiisha kuingia, anaruhusiwa kuona nini?

Kuko wenye watauliza: maagronome wanatafuta nini katika mambo ya namba za siri? Jibu ni kwamba siku hizi kilo ya kahawa au ya kakao haitembei peke yake. Inatembea pamoja na habari zake. Sheria ya OHADA juu ya kooperative, ya tarehe 15 Desemba 2010, inadai kila kooperative iwe na daftari la wanachama kwenye makao yake. Na sheria ya Umoja wa Ulaya namba 2023/1115, ile ya kuzuia bidhaa zinazotokana na kukata misitu, inahusu kahawa, kakao, mafuta ya mawese, mpira, mbao, soya na ng'ombe. Kuanza kwake kumesogezwa mbele zaidi ya mara moja, lakini wanunuzi wamekwisha kuanza kuuliza: hii kahawa imetoka shamba gani?

Kwa shamba lisilopita hektari 4, inatosha kutoa alama moja ya pahali. Shamba linalopita hapo linachorwa mpaka wake wote. Kila alama inaandikwa na tarakimu sita nyuma ya koma. Kwetu karibu na ikweta, tarakimu ya sita ni sawa na sentimita 11 hivi ardhini. Ni kusema, daftari linaonyesha karibu mti wenyewe.

Sasa tufikiri. Daftari la zamani lilikuwa na jina na kilo. La sasa liko na jina, picha, namba ya simu, pahali pa shamba, kilo, deni, pesa aliyolipwa mwanachama na siku aliyolipwa. Mwizi au mtu mwenye silaha akilipata daftari hilo, hana lazima ya kuuliza njia. Ndiyo maana tunasema mlango wa daftari si jambo la mafundi peke yao. Ni usalama wa wanachama.

1. Kuingia ni maswali matatu

Watu wengi wanachanganya mambo matatu. Tuyatenganishe.

Swali la kwanza: wewe ni nani? Jibu ni jina au namba ya mwanachama.

Swali la pili: unahakikisha namna gani? Jibu ni karte, namba ya siri, kidole, au shahidi anayekujua.

Swali la tatu: unaruhusiwa kuona nini? Mpimaji wa kilo hana kazi na deni la mtu. Kesie hana kazi na mpaka wa shamba. Mnunuzi hana kazi na namba ya simu ya mama anayeuza kilo ishirini.

Kooperative nyingi zinaweka nguvu zote kwenye swali la pili, wananunua hata masini ya kupima kidole, halafu swali la tatu wanaliacha wazi. Kila mtu anayeingia anaona kila kitu. Hiyo ni sawa na kuweka mlango wa chuma kwenye nyumba isiyo na vyumba ndani.

2. Nani anashika ufunguo?

Kuko njia tatu za kupanga mlango.

Njia ya kwanza, ufunguo wote unakaa kwa ofisi kuu. Kila depo ikitaka kumtambua mwanachama, inauliza ofisi. Uzuri wake ni kwamba kuna daftari moja tu na hakuna mkanganyiko. Ubaya wake: rezo ikikatika, depo inasimama. Na mtu mmoja wa ofisi akiwa na nia mbaya, ameshika habari za wote.

Njia ya pili, kampani ya nje inafungua mlango. Mwanachama anaingia kwa namba yake ya simu au kwa imeili, na kampani ndiyo inayosema: "Ndiyo, huyu ni yeye." Ni nyepesi, haihitaji kazi nyingi. Lakini kampani inajua nani ameingia na saa ngapi, na siku ikibadilisha masharti yake, hamuna neno la kusema.

Njia ya tatu, madaraka yanagawanyika. Kila depo iko na haki ya kumtambulisha mwanachama wake, na depo zingine zinaamini saini yake. Hakuna mwenye mlango mmoja. Njia hii inafaa kwetu, kwa sababu depo zetu ziko mbali, rezo inakuja na kwenda, na barabara wakati wa mvua tunazijua. Lakini njia hii ndiyo ngumu zaidi kuipanga vizuri. Wengine waliijaribu mbele yetu, na safari yao iko na mafundisho.

3. Waliotutangulia

Mwaka 2005, huko Marekani, Brad Fitzpatrick, aliyeanzisha LiveJournal, alitengeneza njia ya kuingia iliyoitwa OpenID. Wazo lilikuwa zuri: mtu asishike neno la siri tofauti kwa kila pahali kwenye intaneti. Achague mwenyewe nani atamtambulisha, na pahali pengine pote paamini utambulisho huo. Hakuna kampani moja yenye kushika milango yote.

Matatizo mawili yalionekana. Kwanza, jina la mtu lilikuwa adresi ndefu ya tovuti. Watu hawakuzoea kujiita kwa adresi kama hiyo, wengi walisahau au hawakuelewa. Pili, kila mara mtu alipobisha mlango, alirudishwa kwa mtambulishaji wake ili athibitishwe. Kwa hiyo mtambulishaji aliona kila mlango uliobishwa. Tena, pahali pa udanganyifu paliweza kumpeleka mtu kwenye ukurasa wa uongo uliofanana na wa mtambulishaji, na kumuibia neno lake la siri.

Mwaka 2011, shirika la Mozilla, wale wenye Firefox, lilileta njia nyingine. Mwanzoni iliitwa BrowserID, baadaye Persona. Walirekebisha mambo yote mawili. Jina likawa adresi ya imeili, kitu ambacho watu walikijua tayari. Na mtambulishaji alitoa saini yake mapema, kama chefu anavyokuandikia barua ya utambulisho. Barua inakaa kwako. Ukifika mlangoni unaionyesha mwenyewe. Mwenye mlango anaisoma saini na kuiamini, na aliyekuandikia hajui umeipeleka wapi.

Kwa upande wa siri, hiyo ilikuwa kazi safi. Lakini kampani za imeili karibu zote hazikujiunga kutoa saini hizo. Mozilla ikalazimika kusimama katikati na kutoa saini kwa niaba yao. Mfumo uliokusudiwa kugawanyika ukaegemea nguzo moja. Watumiaji hawakuongezeka. Mwezi wa Machi 2014 Mozilla iliacha kuweka watengenezaji wa kudumu katika kazi hiyo, na tarehe 30 Novemba 2016 Persona ilizimwa kabisa. Tovuti zilizokuwa zimeiweka kuwa mlango wao zililazimika kutafuta mlango mwingine.

Wakati huohuo njia nyingine ilienea: OpenID Connect, iliyotoka Februari 2014. Ndiyo iko nyuma ya vifungo kama "Ingia kwa Google". Mtu anagusa mara moja, ameingia. Lakini kampani inayokutambulisha inajua umeingia wapi. Watu walipewa wepesi, wakalipa kwa siri yao, na wengi hawakujua kama wamelipa.

Tangu mwaka 2019 kuko kanuni mpya, WebAuthn. Simu yenyewe inatengeneza funguo mbili kwa kila pahali unapoingia. Mmoja unabaki upande wako, haupelekwi kwa mwenye mlango. Mwingine unapelekwa kwa mwenye mlango, na huo hauwezi kumsaidia mwizi kuingia. Kidole unachoweka kinafungua simu tu. Alama yake haipelekwi kwa mtu. Kwa sekretere, jeran na kesie wenye simu za Android, tunashauri njia hii pale programu yenu inapoikubali. Lakini mwanachama mwenye simu ndogo ya batoni haimfikii.

Tushike mafundisho matatu kutoka safari hiyo:

– Jina la kuingilia liwe kitu ambacho mwanachama anakijua na anakikumbuka.
– Siri nzuri ambayo watu hawaitumii haimlindi mtu.
– Mlango wowote unaosimama juu ya nguzo moja utaanguka siku nguzo hiyo itakapoondoka.

4. Kipimo chetu: mama mwenye simu ya batoni

Kabla ya kubadilisha mfumo wowote, muweke mbele ya macho mwanachama mmoja. Ni mama wa miaka sitini. Hasomi vizuri. Simu iko moja nyumbani, na mara nyingi iko mkononi mwa bwana au mtoto. Siku zingine haina inite, siku zingine haina moto. Analeta kahawa yake depo.

Mukimpa namba ya siri yenye tarakimu nane na kumlazimisha aibadilishe kila mwezi, atafanya nini? Atamwambia sekretere: "Bwana sekretere, unishikie hii namba, mimi nitaisahau." Na sekretere, kwa kusaidia, ataiandika kwenye kaye yake pamoja na za wengine mia mbili. Hapo mlango wenu mgumu umekuwa wazi kuliko wa zamani. Wazee walisema, siri ya mtungi aijuaye kata. Sekretere amekuwa kata ya mitungi yote, na hata kama ni mwaminifu, siku pesa itakapopotea hataweza kujitetea.

Kwa hiyo kipimo ni hiki: je, huyu mama anaweza kufungua ukurasa wake mwenyewe, bila mkono wa mtu mwingine? Kama anaweza, siri yake iko. Kama hawezi, siri yake imekwisha, hata masini iwe ya bei gani. Wepesi wa kutumia ni nusu ya kulinda siri yake.

5. Namna ya kugawa ufunguo katika depo tatu

Tuchukue kooperative ya mfano yenye depo tatu: ya mlimani, ya bondeni, na ya kando ya ziwa. Mama yetu ameandikwa depo ya mlimani, lakini siku ya soko analeta kahawa bondeni.

*Namba ya mwanachama ndiyo jina lake.* Musitumie namba ya simu kuwa jina. Simu moja inaweza kutumiwa na wanachama watatu wa nyumba moja. Na namba isiyotumiwa muda mrefu, kampani inaweza kuifunga na kuipa mtu mwingine. Huyo mgeni atajikuta mlangoni mwenu. Namba ya mwanachama inabaki ileile hata akibadilisha simu mara kumi.

*Karte yenye saini ya depo.* Depo ya mlimani inampa mama karte yenye kode QR, ile alama ya vijiraba vyeusi na vyeupe. Ndani yake kuko mambo machache tu: namba ya mwanachama, jina la depo, tarehe ya mwisho wa karte, na saini ya hesabu ya depo. Tableti ya bondeni inasoma saini hiyo na kujua kama ni ya kweli, bila rezo na bila kuuliza mlimani. Ni barua ya utambulisho ile tuliyoiona kwa Persona. Ndani ya kode hapana kuweka namba ya simu, pahali pa shamba wala kiasi cha pesa, kwa sababu kode QR mtu yeyote mwenye simu ya Android anaweza kuisoma.

*Nguvu ya kufuli ifuate hatari.* Kupokea kilo si sawa na kutoa pesa. Ili kupokea kilo depo yoyote, karte peke yake inatosha. Mtu aliyeokota karte ya mama akileta kahawa kwa jina lake, amemwongezea mama kilo! Lakini ili kuona deni au kupokea pesa, karte na namba ya siri vinahitajika vyote viwili. Mukiweka kufuli kubwa kila pahali, mstari wa depo unakuwa mrefu na watu wanaanza kutafuta njia za mkato.

*Karte idumu muda gani?* Hapa siri na wepesi vinavutana wazi. Karte ya miaka mitano haisumbui mtu, lakini ikipotea inabaki na nguvu miaka mitano. Karte ya mwezi mmoja ni salama zaidi, lakini kila mwezi mama atatembea kilometa kumi kwa ajili ya karatasi. Sisi tunashauri msimu mmoja. Pamoja na hiyo, kila depo iwe na orodha ya karte zilizopotea. Orodha hiyo ipelekwe kwa depo zingine kila wiki, kwa rezo kama iko, au ndani ya tableti pamoja na moto inayobeba mizigo.

*Namba ya siri.* Tarakimu nne zinatoa namba 10.000 tofauti. Masini ikijifunga nyuma ya makosa matatu, anayebahatisha ana nafasi tatu tu kati ya elfu kumi. Hiyo inatosha. Lakini kama mwanachama amechukua mwaka wake wa kuzaliwa au 1234, hesabu hiyo imeharibika. Programu ikatae namba hizo. Na mwanachama achague namba yake mwenyewe, kwa kidole chake, sekretere akiwa amegeuza uso.

*Ujumbe wa simu.* Ujumbe mfupi unabaki ndani ya simu, na yeyote nyumbani anaweza kuusoma. Kode za nyota na diyezi zinaonyesha habari kwenye kioo, halafu zinapotea ukifunga. Basi risiti ya kilo munaweza kuituma kwa ujumbe. Kiasi cha pesa kionekane kwa kode za nyota peke yake, nyuma ya namba ya siri. Kwa akina mama wengi tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoamua kama pesa ya kahawa italipa masomo ya watoto au itaombwa kabla hawajafika nyumbani.

6. Akisahau au akipoteza

Mlango wa mbele ukiwa na nguvu, mwizi anapita nyuma. Mlango wa nyuma ni ule wa "nimesahau namba yangu". Kama sekretere peke yake anaweza kumpa mtu namba mpya, basi sekretere, au anayejifanya rafiki yake, anaweza kuingia kwa jina la yeyote.

Kanuni ni hii: kubadilisha namba kunahitaji watu watatu pamoja. Mwanachama mwenyewe mbele ya meza, sekretere wa depo, na mmoja wa komite ya usimamizi anayemjua mwanachama kwa uso. Tarehe inaandikwa katika kaye, wote watatu wanaweka saini au kidole. Hakuna kubadilisha namba kwa kupiga simu, hata anayepiga akilia. Na kwa siku tatu zinazofuata, ukurasa huo usitoe pesa nyingi, ili mwenyewe akisikia habari apate nafasi ya kusema.

Kwa mgonjwa au mzee asiyeweza kutembea, mashahidi ndio wanaomfuata nyumbani. Kumuomba atume mtoto na namba ya siri ni kumrudisha pale tulipotoka.

7. Hatua za kubadilisha mfumo

Kwanza, muandike kwenye karatasi kila habari munayoshika na kazi yake. Habari isiyo na kazi, muifute. Kitu kisichokuwamo hakiibiwi.

Pili, mugawe vyumba. Mpimaji: namba, jina, kilo. Kesie: namba, jina, pesa. Mwenye kutengeneza dosiye ya kuuza nje: pahali pa shamba na kilo, bila namba za simu wala madeni. Kila mtumishi aingie kwa jina lake mwenyewe. Neno la siri moja lililobandikwa ukutani kwa wote, hapana. Anayeacha kazi, mlango wake ufungwe siku ileile.

Tatu, muanze na depo moja, na mujaribu na watu wagumu: asiyesoma, asiye na simu, wawili wenye simu moja, aliyepoteza karte. Vijana wenye Android musiwaanze, hao watafaulu siku zote na watawadanganya.

Nne, mlango wa zamani na mpya vitumike pamoja msimu mzima. Mutangaze kanisani, msikitini, sokoni na kwa radio ya kijiji tarehe ya kufunga wa zamani, na tarehe hiyo muifuate. Milango miwili isiyofungwa ni nafasi mbili za mwizi.

Tano, kaye ya karatasi ibaki. Kila jioni depo iandike jumla ya kilo na iweke saini. Tableti ikiibiwa, hesabu haipotei. Tena tableti yenyewe ifungwe kwa namba, na habari zilizo ndani zifungwe kwa siri, ili aliyeiba chuma asipate na majina.

Sita, mnunuzi apewe alichoomba, si daftari zima. Sheria ya Ulaya inadai kujua pahali pa shamba. Haidai kujua nani ana deni kwenu. Muandike katika mkataba kwamba habari hizo zitatumika kwa kazi hiyo peke yake. Inchi yetu pia iko na sheria: ordonansi-loi namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, yenye kuweka kode ya mambo ya numerike, iko na sehemu inayolinda habari za watu binafsi. Muwe na nakala yake ofisini.

Saba, mupange mwisho kabla ya mwanzo. Miradi, hata ile inayotoa barua kama hii, iko na siku ya kumalizika. Siku hiyo, nani atalipa masini inayohifadhi habari? Nani anashika neno la siri kubwa la programu? Persona ilikuwa na shirika kubwa nyuma yake, na hata hivyo ilizimwa. Basi tangu siku ya kwanza mkataba useme kwamba kooperative inaweza kutoa habari zake zote wakati wowote, kwa faili ambalo programu nyingine inaweza kulisoma, na kwamba ufunguo wa saini za depo ni mali ya kooperative, haukai katika kompyuta ya fundi.

8. Maswali ya kumuuliza fundi

Anapokuja mtu kuwauzia programu, muulize haya, na mumwombe ajibu kwa maneno ambayo kila mwanachama anaelewa:

– Rezo ikikatika siku tatu, depo itafanya kazi namna gani?
– Mwanachama asiye na simu anaingia vipi?
– Wewe fundi, unaweza kuona pesa ya mwanachama? Nani mwingine anaweza?
– Mwanachama akiuliza nani amefungua ukurasa wake, programu inaweza kumwonyesha?
– Tukikuacha kesho, tunaondoka na nini mkononi?

Fundi anayekasirika kwa maswali haya amekwisha kuwajibu.

Zoezi kwa mkutano ujao

Mugawanyike vikundi vya watu watano. Kila kikundi kichukue mtu mmoja wa kooperative: mpimaji, kesie, mnunuzi, mwanachama mwenyewe, na mwizi. Kila kikundi kiandike: huyu anataka kuona nini katika daftari, na anaweza kupita wapi ili akione? Halafu musome majibu mbele ya wote. Kikundi cha mwizi ndicho kitawafundisha zaidi.

Mwishoni, mumwombe mwanachama mmoja mzee, mwanamke, asimame na aonyeshe namna anavyofungua ukurasa wake, peke yake, bila mtu kumsaidia. Muhesabu dakika. Pale atakaposimama na kutafuta kwa macho nani amsaidie, hapo ndipo kazi yenu ya msimu huu inapoanzia.

Tunawatakia mavuno mema na mkutano mwema.